Miguu ya Mpelelezi

Chumba cha kazi hakikuwa na dirisha. Kuta zilifunikwa magodoro makuukuu na mablanketi ili kelele za nje zisipenye, na sakafuni kulipangwa masanduku bapa ya mbao: la mchanga, la kokoto, la majani makavu, na kando yake bamba la saruji lenye ukubwa wa mlango. Viatu vilikuwa jozi thelathini na tisa. Humo mama mmoja alishinda siku nzima akitembea bila kufika popote. Vinasa sauti vya huko filamu zinakopigwa hunasa upepo zaidi kuliko nyayo, kwa hiyo filamu ilipita kimya kwenye skrini, naye akawapa waigizaji mlio wa miguu yao, hatua kwa hatua. Wenzake walimwita Bi Vishindo.

Kwa miaka kumi na minne hakuna mguu uliomshinda. Ndipo akaletewa mpelelezi.

Alikuwa mpelelezi wa kujitegemea, mtu wa koti refu na maneno machache, aliyeajiriwa na mjane amtafute aliyemuua mumewe. Nusu ya filamu alikuwa anatembea tu, vichochoroni, kwenye ngazi, kwenye kumbi za nyumba za watu. Bi Vishindo alivaa viatu vya ngozi vya mumewe, akavishindilia soksi, akatembea. Mwongozaji wa filamu akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Huyu ni polisi."

Akabadilisha viatu.

"Huyu sasa ni mwizi."

Siku ya tatu mwongozaji alishusha pumzi. "Huyu ni mwalimu mkuu. Mama, mimi namtaka mtu anayetembea huku anasikiliza."

Mwongozaji alipotoka, dada wa mume wa Bi Vishindo, aliyekuwa kwenye mitambo ya kurekodia, alivua spika za masikioni akacheka. "Wifi, leo umepatikana. Kaka yangu akisikia, utahama nyumba."

"Mwambie. Na chakula cha jioni umpikie wewe."

Mdomo ulijibu hivyo, lakini moyo ulikuwa mzito. Aliondoka mapema, akaenda kwa miguu. Ilikuwa alasiri ya jua kali, mapazia yamefungwa, mtaa mzima umesinzia. Akazisikia. Hatua mbili, kimya. Hatua tatu, ile ya tatu nyepesi, kisha kimya kirefu.

Mbele yake alikuwa mwanamume wa makamo, sare yake ya buluu imepauka, begi begani. Alikuwa msoma mita za maji. Alikwenda lango kwa lango, akiinua kifuniko cha chuma, akichuchumaa, akiandika tarakimu kwenye daftari. Mara nyingine alisimamisha fimbo ya chuma juu ya bomba, akalaza sikio kwenye ncha ya pili, akafumba macho. Kisha aliendelea, kila unyayo ukitua taratibu sana, kana kwamba ardhi ilikuwa na mtoto aliyelala.

Bi Vishindo hakuamua kumfuata. Alijikuta anamfuata. Akamfuata mpaka vivuli vikarefuka, na kesho yake tena. Mitaa aliyoijua tangu utoto ikawa migeni na laini. Alipita mbele ya nyumba ya shangazi yake bila kuitambua. Alikanyaga pale mwanamume alipokanyaga, akanyamaza aliponyamaza, hata ikafika mahali hakujua tena hatua ipi ni yake.

Siku ya tatu alikata kona, akakuta kichochoro kitupu.

"Mama, ofisi imekutuma?" sauti ikauliza nyuma yake.

Aliruka. "Ofisi gani?"

"Ya maji. Kama kuna mtu amesema nakisia mita bila kuzisoma, kadanganya. Siku ya tatu hii uko nyuma yangu. Jana ulijificha nyuma ya mti mwembamba kuliko wewe."

Bi Vishindo aliona haya mpaka masikio yakapata moto. "Si ofisi, kaka yangu. Nataka miguu yako."

Msoma mita aliinama akaitazama. "Yote miwili?"

Walicheka, na hapo ndipo alipoweza kumweleza. Msoma mita naye akamwambia kwamba maji yakivuja chini ya ardhi yana sauti, kama mtu anayenong'ona chumba cha pili, na mwenye kukanyaga kwa pupa hayasikii.

Jumamosi, kwa ombi la Bi Vishindo, alikuja kwenye chumba cha kurekodia. Masikini, alikuwa amevaa viatu vipya vilivyong'arishwa, vya kazini vikiwa begini, na alitembea kama bwana harusi. Mwongozaji alijishika kichwa. Bi Vishindo akatoka, akafungua bomba la bafuni kidogo sana, akarudi akafunga mlango.

"Vua viatu hivyo, uvae vile ulivyozoea," alisema. "Kuna maji yanavuja humu. Yatafute."

Taa zikazimwa, filamu ikaanza. Bi Vishindo alitembea peku kando yake, mkono kwenye kiwiko chake, akimfinya kidogo kila mpelelezi wa kwenye skrini aliposimama au kuondoka. Msoma mita hakuitazama filamu hata mara moja. Alikuwa ameinamisha kichwa, akisikiliza, na yule mtu wa koti refu akashuka ngazi kwa miguu yake. Mwongozaji alikaa chini sakafuni. Wifi mtu alisahau kucheka.

Filamu ilipoonyeshwa, msoma mita alikuja na mama yake, bibi kizee ambaye macho yake yalizimika zamani. Waliketi safu moja na Bi Vishindo na wifi yake. Hatua za mpelelezi ziliposikika tu, bibi akasema kwa sauti kubwa, "Mwanangu huyo!" Watu wakamnyamazisha. Mpelelezi aliposukuma mlango wa watu na kuingia, bibi akafoka, "Bisha hodi, we mtoto!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bi Vishindo akamsogelea, akawa anamnong'oneza kinachoonekana: sasa kuna taa mezani, sasa mjane anafungua barua.

Walipotoka, bibi alimshika Bi Vishindo mkono.

"Nimefurahi, mwanangu. Ila yule muuaji, mbona anatembea kama mwanamke aliyevaa viatu vya mumewe?"

Wifi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Bi Vishindo naye alicheka, lakini usiku usingizi ulimpaa. Jumapili iliyofuata alichukua begi lililojaa viatu, akaenda kwa msoma mita. Bibi alikuwa barazani, ameelekeza uso juani.

"Nisikilize, mama," alisema Bi Vishindo, akavaa jozi ya kwanza. Alikwenda na kurudi, alikwenda na kurudi, na ndani ya nyumba msoma mita alizima redio.

"Kisigino kinakimbilia nini?" bibi aliuliza. "Anza tena."