Maiti Alikuwa Hai

Kwetu Cerretola, kijiji kidogo cha mlimani, jina la kwenye cheti ni la serikali na la kaburi. Maadamu unakula na kugombana, unaitwa kwa jina la utani, na jina hilo halikuombi ruhusa. Mimi mwenye baa ni Chumvi, kwa sababu bibi yangu aliwahi kumkorogea askofu kahawa kwa chumvi badala ya sukari, na dhambi hiyo tumeirithi ukoo mzima. Fundi bomba ni Kesho. Padri wetu wa sasa alipewa lake kabla hajafungua sanduku la nguo, na sitaliandika hapa kwa sababu bado nataka anizike vizuri.

Baba yake Bi Argia aliitwa Maiti. Alizaliwa kimya, rangi ya bilinganya. Mkunga akamfunika shuka, padri akamwombea, seremala akaanza kupima ubao, ndipo akapiga chafya. Tangu siku hiyo Egisto Lemmi akawa Maiti. Maiti akakua, Maiti akaoa, Maiti akacheza karata kwa wizi uliokubuhu, na popote alipokwenda alikuwa na chupa ya mvinyo kiunoni. Hayo yaliendelea mpaka asubuhi moja ya Agosti 1944. Askari wa Kijerumani waliokuwa wakirudi nyuma mbele ya Wamarekani walipanda mlima wetu, wakawapanga wanaume kumi na wawili kwenye ukuta wa tanuri la mkate la kijiji, wakawapiga risasi. Argia alikuwa na miaka sita, amejificha msituni na mama yake.

Padri wa wakati huo, Don Settimio, aliwazika wote katika shimo moja, maana joto halikungoja sherehe. Baada ya siku tatu akaandika daftarini mwake kwa majina aliyoyajua, ya utani yote. Orodha iliishia hivi: "Jumla kumi na mmoja, na Maiti. Maiti alinuka. Kikojozi aliyaona yote, hasemi."

Vita vilipokwisha akaja karani kutoka mjini kuandika vyeti vya vifo. Kila familia ikamtafsiria jina la mtu wake. Alipofika kwenye Maiti, mke wa Maiti alikuwa hospitali ya kifua kikuu na Argia yuko kwa masista. Karani akasema maiti haihitaji cheti cha kufa, bila shaka padri alihesabu na mwili mmoja uliokuwa ukingoja mazishi. Wanaume waliokuwapo waliona kichekesho kizuri, wakacheka, wakamwacha aende zake. Hivyo jiwe la ukumbusho pale uwanjani lina majina kumi na moja, na kwenye makaratasi ya serikali Egisto Lemmi "hajulikani alipo". Shuleni Argia aliambiwa baba yake yuko Argentina na mwanamke mnene. Mpaka leo ukimtajia Argentina, hata kwenye mpira, anazima televisheni yangu.

Alipofikisha miaka themanini na mitano akaamua kuishtaki Ujerumani.

Pale baa tulimwuliza kama ana homa. Akasema hataki chochote chao, hata soseji. Anachotaka ni mtu mwenye joho aseme, kwa sauti na kwa muhuri, kwamba baba yake hakutoroka, aliuawa. Tukampata wakili, Ginevra Pardossi, msichana wa mjini mwenye miwani mikubwa, aliyetueleza mambo yalivyo. Mahakama ya dunia kule Hague ilishasema kwamba nchi haiburuzwi mbele ya majaji wa nchi nyingine. Mahakama yetu ya katiba ikajibu kwamba kwa dhambi za aina ile, inaburuzwa. Kwa hiyo tuliiburuza. Lakini siku ya kwanza ya kesi Ujerumani haikutuma mtu hata wa kupiga hodi. Aliyesimama upande wa pili kutupinga alikuwa mwanasheria wa serikali yetu wenyewe, kwa kuwa serikali ilikuwa imeamua kwamba tukishinda, fidia itatoka hazina yetu, yaani sisi tutajilipa sisi. Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni.

Nilimpeleka Bi Argia kwa gari langu, yeye kiti cha mbele kama kawaida, kwa sababu nyuma anatapika na hata mbele anatishia. Mwanasheria wa serikali, Bwana Altieri, alikuwa mtu mpole mwenye viatu vilivyong'aa kuliko hoja zake. Akausoma mstari wa Don Settimio. Akasema, kwa masikitiko makubwa, kwamba hati yenyewe inataja watu kumi na mmoja waliouawa na maiti mmoja, na tena inaeleza kwamba maiti huyo alinuka. Hakuna mtu anayenuka, akasema, dakika chache baada ya kuuawa. Kwa hiyo alikuwa amekufa siku nyingi kabla, kwa sababu zake mwenyewe.

Wakili wetu akaeleza habari ya majina ya utani. Jaji, mama mmoja mwenye mafua, akauliza kama kuna mtu aliye hai aliyemwona Maiti akiwa hai ukutani pale. Huyu Kikojozi, kwa mfano, ni nani?

Sisi sote tulimjua, na wakili tulishamwambia. Alikuwa Mheshimiwa Ilio Barsantini, meya wetu vipindi vitatu, mwenye nishani ya taifa kifuani na fimbo ya mpini wa fedha. Fimbo hiyo imetua kwenye migongo ya vizazi vitatu vya watoto waliothubutu kutamka jina lile mbele yake. Tulidhani ni habari ya kitandani tu, nani asiyelowanisha godoro? Wakili alipomwendea na lile daftari, Mzee Ilio alimwambia kwamba Kikojozi alihamia Ubelgiji kuchimba makaa ya mawe na akafia huko.

Yeye na Bi Argia walikuwa hawasemezani tangu mwaka 1974. Mwaka huo Argia alikwenda ofisini kwake kuomba jina la baba yake liongezwe kwenye jiwe. Meya alimjibu bila kuinua macho kwamba alete karatasi. Tangu hapo, kila akipita mbele ya baa, Bi Argia humwita jina lile kwa sauti ya kuitia kuku, na yeye hujifanya kiziwi.

Kesi ikaahirishwa wiki sita. Gazeti la mkoa likaandika habari yetu kwa kichwa kikubwa: MAITI ALIYENUKA. Kesho fundi bomba akaisoma kwa sauti pale baa, na sitasema uongo, tulicheka, hata mimi. Mzee Ilio alikuwa mezani kwake karibu na dirisha. Hakucheka. Aliinuka, akasahau kofia, akarudi kuichukua, akaisahau tena.

Siku ya pili ya kesi tulimkuta mlangoni mwa mahakama. Alikuwa amekuja na basi la saa kumi na mbili asubuhi, peke yake, na miaka yake tisini, suti nyeusi na nishani. Bi Argia alimtazama juu hadi chini akaniuliza huyu anamzika nani.

Jaji akamwuliza jina. Ilio Barsantini. Kazi? Meya mstaafu. Kisha wakili wetu akamwuliza kijijini anaitwaje. Nikamwona mzee anaishika vizuri ile fimbo.

"Kikojozi," akasema.

Karani akamwomba arudie. Sijui karani yule alilelewa wapi.

"Kikojozi. Andika kama unavyosikia. Na si mambo ya kitandani, kama wanavyodhani wale pale." Akatuelekezea fimbo. "Jina hili nililipata siku ile ile."

Akasimulia bila kututazama. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Askari walipoingia alijitumbukiza ndani ya tanuri, ambalo lilikuwa baridi, maana unga ulikuwa umekwisha wiki nyingi. Akavuta mfuniko wa mbao. Kwenye ufa akaona migongo ya watu kumi na wawili, na wa karibu kabisa alimtambua kwa chupa ya kiunoni. Ndipo hofu ikamshika na mkojo ukamtoka. Ulipita chini ya mfuniko, ukashuka ukutani, ukatambaa juu ya mawe kuelekea kwenye buti la askari.

"Agosti, Mheshimiwa Jaji," akasema. "Kijiji kizima hakikuwa na tone la maji. Yeyote angeuona ule unyevu angeuliza unatoka wapi. Maiti akatazama chini, akauona. Akafungua chupa yake akaumwaga mvinyo wote pale pale juu yake, mwingine kwenye suruali yake mwenyewe. Akasema kwa nguvu, mvinyo huu umeharibika. Askari mmoja akacheka, akampiga kwa kitako cha bunduki. Wakamwona mlevi. Baadaye wakafyatua."

Jaji akapenga kamasi, akamwashiria aendelee.

"Don Settimio ndiye aliyenitoa. Watoto waliiona suruali yangu, wakanipa jina. Padri akainusa suruali ya Maiti iliyolowa mvinyo, akaandika alichonusa."

Bwana Altieri akauliza, kwa upole ule ule, kwa nini shahidi alinyamaza miaka themanini, hata alipokuwa meya na binti wa marehemu amesimama mbele yake.

"Ningesema alikuwapo, wangeniuliza nimejuaje," akasema Mzee Ilio.

Mwanasheria akakaa. Jaji akamgeukia karani, akamwambia aandike kwamba Egisto Lemmi, aitwaye Maiti, alikuwa hai aliposimamishwa ukutani. Nililia, na sioni aibu kusema hivyo. Bi Argia hakulia. Alikuwa ameshika mkoba wake magotini kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye foleni ya posta.

Hukumu yenyewe ilikuja miezi mitano baadaye, kurasa thelathini na moja, na ilisema alichotaka Bi Argia kisemwe. Nakala yake imening'inia baa, juu ya mashine ya kahawa. Lakini kwangu kesi iliishia siku ile, kwenye benchi la nje ya chumba cha mahakama.

Bi Argia alikuwa amekaa. Mzee Ilio akatoka, kofia mkononi, akasimama mbele yake.

"Ulinituma nikalete karatasi," akasema Bi Argia.

"Nilikutuma."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Akainuka. Nilidhani atampiga kofi, na nisingemzuia. Miaka themanini mtu amekaa na baba yako mdomoni, huku wewe unaambiwa yuko Argentina. Mficha uchi hazai, wanasema. Huyu alificha uchi wake na akamnyima mwenzake mzazi. Lakini Bi Argia hakumpiga.

"Kikojozi," akaita, si kwa ile sauti ya kuku.

"Naam," akasema Mzee Ilio. Sijawahi kumsikia akiitikia jina lile.

"Ule mvinyo ulikuwa umeharibika kweli?"

Mzee akatikisa kichwa kukataa.

"Harufu yake ilinifikia mpaka ndani ya tanuri. Ulikuwa mzuri, Argia. Ulikuwa mzuri sana."

Bi Argia akalitengeneza koti lake, akafunga vifungo vyote, akanigeukia. Akaniambia nilete gari, yeye leo atakaa nyuma, mzee ana miguu mibovu apewe kiti cha mbele.

"Na mwambie apitie msalani kwanza," akasema. "Njia ni ndefu."