Jarida la Wavuvi na Mkia wa Jogoo

Tangu kiharusi kimpate mume wangu, mkono wake wa kulia ulilala mapajani kama paka wa kuazima. Fundi saa, jamani, mtu aliyezoea kushika skrubu ndogo kuliko chawa! Benki walimpa wino achovye kidole gumba badala ya kusaini. Alirudi nyumbani akakiosha kile kidole mara nne.

Mtaalamu wa viungo akampa mpira wa kubinya. Akautupa uvunguni. Ndipo kinyozi, rafiki yake wa tangu ujana, akamlipia mwaka mzima jarida la uvuvi wa kutumia nzi bandia kama chambo. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mto wenyewe uko mbali, na huyu mume wangu maji yakimfika magotini humwita mama yake.

Jarida lenyewe, nisidanganye, nusu ni matangazo, na nusu ni wanaume waliokumbatia samaki kama wamewazaa wao. Lakini ukurasa wa mwisho, kila mwezi, hufundisha kutengeneza nzi mmoja: unafunga unyoya kwa uzi kwenye ndoano mpaka samaki adhani ni mdudu. Mzee aliutazama ukurasa ule siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, "Nitafutie unyoya."

Nikatafuta. Tangu hapo jogoo wa jirani hana mkia. Jirani anamlaani mwewe, nami namsaidia kulaani.

Nzi wa kwanza alikuwa kama kitu kilichochomoka kwenye ufagio. Wa mwezi wa sita nilimpiga kwa kitambaa cha vyombo, nikidhani ameingia dirishani.

Mwaka ukaisha, ikaja fomu ya kulipia tena. Binti yetu, karani wa stoo, ndiye anayesimamia mambo yetu. Akaishika kwa ncha za vidole.

"Mama, baba amevua samaki wangapi?"

"Hata dagaa."

"Sasa tunalipia nini? Si bora anunuliwe mpira mwingine?"

"Ule wa kwanza bado mpya, mwanangu. Haujaonja jasho."

"Mama, mzaha weka pembeni."

Mzee alikuwa palepale mezani, nzi kwenye kibano, anakaza fundo la mwisho. Hakuinua kichwa, ila fundo lilimponyoka. Nikajua, jarida likikatwa, mkono unarudi mapajani.

"Haya," nikasema. "Fomu inataka saini ya mwenyewe. Akishindwa kusaini, lisije tena."

Mzee akanikata jicho. Binti akanong'ona, "Mama, usimwaibishe. Nitaleta wino wa kidole."

"Wa nini? Kalamu si hiyo hapo."

Kalamu ilianguka mara moja. Binti akataka kuinama, nikamshika gauni. Mzee akaiokota mwenyewe, akaibana kwa vidole vitatu kama kibano chake, akaanza. Alipomaliza, chai yangu ilikuwa imepoa. Saini ilitoka imepinda, ina miguu sita na mabawa mawili, lakini jina lake lilisomeka.

Binti akaichukua fomu kwa mikono miwili.

"Baba," akasema, "na zile karatasi za benki nizilete uzisaini?"

"Zilete kesho. Leo mama yako ana kazi. Unyoya umeniishia."

Nikavaa ndala zangu, nikaenda kumsalimia jirani.