Hatua ya Waziri

Pa. Kisha shwaa. Pa, shwaa, juu ya mchanga wa ua wetu wa Mikindani.

Mama aliinua uso kutoka mkekani. Hivyo ndivyo kaka yangu Waziri alivyorudi nyumbani maisha yake yote: mguu mmoja ukikanyaga, wa pili ukiburuza ndala. Nasi tulikuwa tumetoka kumzika adhuhuri ile.

Alitokea Somoe, binti wa shangazi yetu na mtani wetu, amevaa shati la marehemu, akichechemea.

"Mnamlilia nani? Chai yangu iko wapi?"

Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Hata Mama alitabasamu. Mimi damu ilinichemka. Nilimshika mkono nikamvuta hadi nje ya ua.

"Kaka yangu si mchezo wako!"

"Mtani hafukuzwi msibani, Jafari," alisema, na safari hii hakutania. "Waulize wakubwa zako."

Sikumwuliza mtu. Nilijiona nimelinda heshima ya nyumba.

Mwezi ulipopita, Mama alisema, kama anayejisemea, "Nimeanza kuisahau hatua yake."

Waziri hakuacha video hata moja akitembea. Akielekezewa simu, alikaa kwanza. Basi nikaapa kumtembeza mimi. Nilimkata kwenye kalenda ya zamani: kichwa, kiwiliwili, mapaja, miguu, nikaviunga kwa uzi nyongani na magotini. Nilimlaza sakafuni karibu na dirisha, simu juu ya stuli ya plastiki, ikimchungulia kupitia tundu la katikati. Nasogeza mguu kidogo, napiga picha. Nasogeza tena, napiga. Picha zilipokimbizwa pamoja, karatasi ikatembea. Nikaisindikiza kwa beti zangu, vina vimekaa sawasawa.

Mama alitazama mpaka mwisho.

"Shairi zuri," alisema. "Lakini huyu si mwanangu."

"Anachechemea, Mama!"

"Anachechemea kama mtu anayetaka kutazamwa. Huyu ni wewe."

Nilibaki na mkasi mkononi. Mwili wangu haukujua mwendo mwingine, na vidole vilikuwa vimeipa karatasi kile vilichokuwa nacho. Nilimjua mtu mmoja tu aliyekuwa na mwendo wa Waziri. Ilinichukua siku kadhaa kuumeza ukweli huo, na haukushuka vizuri.

Somoe nilimkuta Shangani, kwake, akianika nguo.

"Karibu, mlinzi wa makaburi. Umekuja kunifukuza na hapa?"

"Nataka unioneshe alivyotembea."

"Omba kama mtu aliyelelewa."

"Nakuomba, dada."

Alifuta mikono kwenye kanga, akatembea. Nikapiga picha hatua kwa hatua, na hapo ndipo nilipoona. Haukuwa mguu. Lilikuwa bega. Liliinuka kwanza, kidogo, kama la mtu anayepita katikati ya watu waliokaa na hataki kumkanyaga yeyote. Mguu ulifuata tu. Nimelala chumba kimoja na Waziri tangu utotoni, nikautungia beti mguu wake. Bega sikuliona.

"Umelijuaje?"

"Nilimwangalia. Mtani ndiyo kazi yake." Alikaa kizingitini. "Mimi nilimwekea miondoko yake, naye aliniwekea yangu. Alikuwa akiniigiza ninavyokaripia kuku, mpaka napaliwa kwa kicheko." Akakunja ncha ya kanga. "Sasa yangu ameondoka nayo."

Nilitafuta mstari wa kumwambia. Mimi, ninayejisifu kuwa sikosi mstari.

"Tembea," nikasema.

"Nimeshatembea, ebo!"

"Mwendo wako. Kutoka kwenye kamba mpaka hapa."

Alinicheka, akaguna, akaenda. Simu niliiweka mfukoni. Nikamwangalia visigino, nyonga, kiwiko anachokitoa nje kama aliyebeba ndoo hata mikono ikiwa mitupu. Alipofika, nilikuwa nimesimama.

"Siku yako nitakuja, Somoe," nilimwambia, kwa sauti ambayo jirani aliisikia. "Nitavaa kanga yako, nitembee hivyo hivyo mbele ya watoto wako. Na wakinifukuza, sitoki."