Patasi ya Damari

"Chagua kimoja, shemeji," Gaspari alisema, akimwaga vifaa vya marehemu kaka yake juu ya gunia pale uani. "Wazee wa ukoo wamesema mjane abaki na ukumbusho. Vingine ni vyangu. Na mavuno yakiisha, nawe unahamia kwangu."

Damari alivitazama. Mkasi wa bati ulikuwepo, ule mumewe Melkiori aliorudi nao kutoka Bama, alikopigana vita vya Waingereza. Palikuwa na tupa, nyundo, koleo, na patasi ya chuma iliyobonyea kichwani. Kwa vifaa hivyo alikata madebe ya mafuta ya taa, akawatengenezea watu wa Kinyangiri vifuniko vya vyungu. Sasa jirani yao Urbano alikuwa ameagiza vifuniko vya arusi ya bintiye, na Damari ndiye aliyepokea kazi. Akiiweza, atakula jasho lake. Ikimshinda, basi ni kwa Gaspari, mke wa pili, kumchotea maji mke mkubwa.

"Chukua mkasi," Gaspari alimhimiza. "Ndio wenye thamani."

Ukarimu wa fisi huo! Alijua fika kwamba Damari hutumia mkono wa kushoto, mkono ambao mama yake aliufunga kamba utoto mzima bila kuushinda. Na mkasi ule ulitengenezwa kwa mtu wa mkono wa kulia. Damari aliwahi kuujaribu: ulimfichia mstari wa kukatia, ukalitafuna bati.

Akaokota patasi.

Gaspari alicheka akashika mbavu. "Patasi bila nyundo! Utaigonga kwa kichwa?"

"Kwani mawe yamekwisha Iramba?"

"Na mkono huo wa kuchambia?"

"Huo huo."

Alikuwa na hasira, na hasira ile ilimpa nguvu. Akalaza bati juu ya gogo, akashika patasi kwa kulia na jiwe kwa kushoto, akagonga. Patasi haiulizi mkono. Ukingo ulitoka na meno. Akayapondaponda kwa jiwe mpaka yakalala, kisha akasogeza patasi mbele kidogo.

"Sikiliza, mke wangu," Gaspari alianza, "ukoo wetu..."

Damari akagonga.

"Nasema, ukoo wetu una..."

Akagonga tena. Gaspari akapaza sauti, bati nalo likapaza zaidi. Alisimama pale kitambo, gunia la vifaa vilivyobaki begani, mdomo ukifunguka na kufungika, na Damari, aliyekwisha kuligeuza bati aanze upande wa pili, hakusikia hata neno moja.