Mbio za Lwitiko

Kaka yangu alitokea ukutani akicheka, mzigo wa chumvi begani, na mama akanishika mkono kwa nguvu hata nikaumia.

Ilikuwa mwaka 1954, mchana, kanisani kwetu Mbozi, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Nje gari la mgeni lilinguruma likiipa mashine ya sinema umeme. Mgeni mwenyewe alikuwa mzungu kutoka Nairobi, mkusanyaji wa filamu za zamani, na aliyoifuata kwetu ilikuwa moja tu. Mmisionari mmoja aliipiga kule Ivuna, kwenye chemchemi za chumvi, kabla ya vita: vijana wetu wakichemsha chumvi, wakishindana mbio, wakiimba bila sauti kusikika. Alipohama alimwachia kaka yangu Lwitiko nakala, kwa kuwa ndiye aliyembebea kamera.

Kisha Lwitiko akaenda vitani Burma na hakurudi. Mkebe wa filamu nikautunza mimi. Hatukuwa na mashine. Mama alikuwa hajaiona hata mara moja.

Ukuta ulipobaki mtupu, mgeni alinigeukia, jasho likimtoka.

“Ferista, wenzangu Ulaya wameitafuta miaka mingi. Wataigombania. Haijaonekana kokote. Hata vijana hawa, hakuna anayejua ni akina nani.”

Mama akainuka.

“Mimi nawajua,” alisema. “Aliyetangulia kwenye mbio nimemzaa mimi.”

Mgeni akainamisha kichwa. “Samahani, mama. Sikujua.”

Alikuwa amekuja kununua. Nikamwambia haiuzwi; aende nayo akatoe nakala, airudishe, na mwanzoni mwa hiyo nakala yaandikwe majina yao. Alinitazama, kisha akamtazama mama, akatoa kalamu. Mama aliwataja taratibu, Fanueli, Asajile, Hezron, kila mmoja na jina la baba yake. La mwisho akalitamka kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni: Lwitiko Mbonile.

Mgeni alipotaka kufunga mashine, mama alimgusa bega.

“Mrudishe kidogo.”

Akamrudisha. Lwitiko akakimbia tena, vumbi likimfuata, wenzake nyuma.

Filamu ililetwa baada ya mavuno ya kahawa, kama tulivyopatana. Lakini ninayoikumbuka zaidi ni safari yetu ya kurudi nyumbani siku ile. Mama alitangulia, kichwa juu, akimsimamisha kila aliyekutana naye njiani.

“Nimetoka kumwona Lwitiko,” alimwambia. “Hakuna aliyemfikia.”