Pini Moja Buluu, Mbili Zambarau

Pini moja ni buluu, pini mbili ni zambarau. Tangu Februari nimekuwa nikiyatambua majora yangu ya tartani, kitambaa cha miraba cha Uskoti, kwa kupapasa pini nilizochomeka pembeni, na hakuna aliyejua. Daktari wa macho kule Inverness alisema ugonjwa uko nyuma ya jicho na hautibiki. Nikamshukuru, nikapanda treni, nikarudi dukani kushona. Ningefanya nini kingine? Miaka arobaini na moja nawashonea wacheza ngoma kilti zao, zile sketi za marinda, na fundi asiyeona rangi si fundi.

Jumatatu asubuhi akaja Ishbel, mwalimu wa ngoma, pamoja na mwanafunzi wake Morven, mtoto wa miaka kumi. Ishbel alijifunza kushona kwangu kabla hajaamua kuwa miguu inalipa kuliko vidole. Ana ulimi mkali, na siku zote nimempenda kwa hilo, ila si siku ile.

"Bi Effie, huyu anakua kama magugu," alisema. "Kilti ya mwaka jana imempanda hadi mapajani. Nikimpeleka hivyo kwenye mashindano watasema nimemfunga leso."

Morven akacheka. Ishbel akateremsha kutoka rafuni majora mawili meupe yenye miraba ya rangi, akayakunjua juu ya meza. Nikasikia kitu kidogo kikianguka sakafuni, kisha kingine, na kingine.

"Mbona umeyachomeka pini?" akauliza. "Ningefanya hivyo mimi ungenichapa na rula."

Zilikuwa pini zangu. Mbele yangu palikuwa na weupe, na juu ya weupe mistari ya kijivu, kushoto na kulia, yote sawa. Sikuogopa hivyo hata siku nilipomzika mume wangu.

"Nataka ya buluu," Morven akasema.

"Haya, mpenzi, weka mkono juu ya hiyo unayoitaka," nikamwambia. Nilijiona mjanja.

"Usiguse," Ishbel akamkataza. "Mikono imejaa jemu. Bi Effie anaijua buluu. Mkatie, Bi."

Nikachukua mkasi. Nikausogeza kwenye kitambaa cha kulia, kwa kubahatisha tu, na Mungu anisamehe.

Ishbel akanishika kifundo cha mkono.

"Morven, nenda kwa mwokaji, kaninunulie skoni mbili. Usikimbie."

Mlango ulipofungwa akasema, "Zile kilti tatu za Aprili ulichanganya vipande, kila moja nusu buluu, nusu zambarau. Nilizifumua zote nikazishona upya mwenyewe. Nimekuwa nangoja uniambie."

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe ungesema?"

Miezi yote ile nilidhani siku ya kugunduliwa ningepumua. Wapi. Hofu ilizidi, maana sasa haikuwa siri yangu tena, ilikuwa kweli.

"Naogopa, Ishbel."

"Najua."

"Hujui. Nikikutazama uso, katikati pana doa. Naona masikio yako tu."

Hakunitania. Nilitamani anitanie.

"Nipe mkasi, Bi Effie," akasema taratibu. "Nitakata mimi, mtoto asijue. Anarudi sasa hivi."

Nikaukumbatia mkasi kifuani kwa mikono miwili. Nilijua nikiuachia leo, sitaushika tena.