Mialoni ya Ng'ambo ya Tuta

Umewahi kuona mti ukifa huku umesimama, tena mguu majini? Orlene aliiona miti ya namna hiyo kila asubuhi kutoka dirisha la jikoni. Mialoni ya bonde la mto, kule Arkansas, Marekani, ilikuwa ikikauka kuanzia kileleni.

Tangu aolewe alikuwa akinyonyoa bata mwitu waliowindwa na watu wengine. Moyoni alitaka kitu kimoja: naye aingie kule msituni, aegemee mwaloni maji yakiwa kiunoni, awaone bata wakishuka kupenya matawini. Hakuwahi kutamka. Marehemu mumewe, Royce, alipenda kusema mwanamke majini hufukuza bata, na wawindaji wenzake wakacheka.

Royce lakini alikuwa na subira. Lango la tuta, lililozuia maji msituni ili bata waje, hakulifunga mpaka majani yapukutike na miti ilale kwa baridi, maji yasije yakaozesha mizizi. Sasa ufunguo alikuwa nao mwana wao, Dewitt, naye alifunga majani yakiwa bado mabichi, msitu ujae maji kabla msimu wa kuwinda haujafunguliwa.

"Tukingoja majani, Mama, bata watahamia kwa jirani," ndivyo alivyozoea kujibu.

Asubuhi hiyo Dewitt aliingia na buti zake za mpira zinazofika kifuani, akimwaga matope sakafuni, akatupa bata wanne mezani. Orlene akapasua firigisi moja, akaigeuza kwa kidole gumba. Mpunga mtupu wa mashambani.

"Zamani nilikuwa nakuta mbegu za mwaloni humu, ngumu kama kokoto."

"Bata ni bata. Wewe kaanga tu, mpishi wetu," Dewitt akacheka. "Halafu nimekuletea kuni nje. Ule mwaloni wa baba ulianguka jana. Shina lote limeoza, kidogo utuponde!"

Orlene akaweka kisu chini. Ndio huo Royce aliousimulia kila jioni, wenye pango la kuwekea chupa ya kahawa.

"Mama? Si ni mti tu? Unalia nini?"

Akajifuta kwa mkono wenye manyoya. Maji ya bomba yalikuwa yakiendelea kutiririka, akayafunga kwanza.

"Nilitaka unipeleke, Dewitt. Siku moja tu. Nisimame pale aliposimama baba yako, niegemee mti ule, bata waje. Buti zake bado ninazo chini ya kitanda. Nilikuwa nangoja uniulize."